Uzi: Kumtetea mgonjwa wako aliyelazwa mpaka arudi nyumbani salama

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote. Nauleta uzi huu kwa ajili ya wale ambao kwa sasa wana mzazi, mwenza, mtoto au ndugu aliyelazwa, na pia kwa wale ambao zamu yao ya kuuguza bado haijafika. Nimewauguza wazazi wangu wote wawili kwa nyakati tofauti, na jambo ninalotaka kulieleza ni moja. Daktari na muuguzi wanaujua ugonjwa, lakini wewe ndiye unayejua mgonjwa alikuwaje kabla ya kuugua. Ujuzi huo haumo kwenye faili lolote mpaka wewe uufikishe, na karibu kila utakalolidai kwa niaba yake, kuanzia uangalizi wa wodini hadi siku ya ruhusa, litategemea namna ulivyoufikisha.

Fikirieni mtu anayelazwa akiwa na homa kali na maneno yasiyoeleweka. Mhudumu anayempokea hana namna ya kujua kwamba wiki iliyopita mtu huyo alikuwa akitembea bila mkongojo, akijiogesha, akisoma gazeti na kujipangia dawa zake mwenyewe. Akiwa na umri mkubwa, ni rahisi sana kudhaniwa kwamba ndivyo alivyo siku zote, na akishadhaniwa hivyo lengo la matibabu hushuka bila mtu yeyote kukusudia: homa ikitulia ataonekana amepona, hata kama hawezi tena kusimama. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza lolote kuhusu vipimo, andikeni ukurasa mmoja unaoeleza hali yake ya kawaida: anatembeaje, anakula nini na kwa namna gani, anazungumzaje, kumbukumbu yake ikoje, anasikia na kuona vizuri kiasi gani, anakwendaje haja, anatumia dawa zipi na kwa vipimo vipi (zikiwemo za mitishamba, ambazo ndugu wengi huona aibu kuzitaja), dawa gani imewahi kumdhuru, na ni kitu gani humtuliza akiwa na hofu. Mkabidhini muuguzi mfawidhi wa wodi ukurasa huo, mwombeni auweke kwenye faili, na mbaki na nakala, kwa sababu mgonjwa anaweza kuhamishwa wodi usiku na watu wapya wakaanza upya.

Sababu ya kwanza ya kuusisitiza ukurasa huo ni ile hali ya kuchanganyikiwa kwa ghafla ambayo madaktari huiita deliriamu. Huwapata wazee wengi wanapolazwa, na hutofautiana na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa kuwa huja ndani ya saa au siku chache na hupanda na kushuka ndani ya siku moja, mara nyingi ikizidi usiku. Kwa kawaida kuna kinachoisababisha: maambukizi, upungufu wa maji mwilini, mkojo uliozuilika, choo kigumu, maumivu yasiyotibiwa, dawa mpya, kukosa usingizi, au hata kunyimwa miwani na kifaa cha kusikia vilivyobaki nyumbani. Wapo wanaopiga kelele na kujaribu kuchomoa dripu, na hao huonekana mara moja. Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale wanaonyamaza, wakalala mchana kutwa na kujibu kwa neno moja, kwa sababu katika wodi yenye shughuli nyingi mgonjwa mtulivu huonekana kuwa mgonjwa mwema. Ni wewe tu unayeweza kusema: “Huyu si mtu wa kunyamaza. Juzi alikuwa akitusimulia habari na kutuuliza maswali, leo hanitambui. Naomba daktari aangalie kilichobadilika.” Sentensi hiyo ina taarifa ya kitabibu ndani yake, nayo ina nguvu kuliko malalamiko ya jumla kwamba mgonjwa hahudumiwi vizuri.

Baada ya hapo linafuata suala la kulala kitandani. Tumelelewa kuamini kwamba mgonjwa hupona kwa kulala, na familia nyingi humzuia mgonjwa asiinuke kwa kumwonea huruma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulichukua watu wazima wa umri mkubwa waliokuwa na afya njema, wakalazwa kitandani kwa siku 10 tu, na kwa wastani walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa na ugonjwa wowote. Mtu mwenye nimonia, asiyekula vizuri na aliyekwisha kudhoofika, hupoteza nguvu hizo kwa haraka zaidi, na mara nyingi ni udhaifu huo, si ugonjwa uliompeleka, unaomzuia kurudi nyumbani. Mwulizeni daktari mapema: anaruhusiwa kukaa? Anaruhusiwa kusimama? Mtaalamu wa fiziotherapia atakuja lini? Akiruhusiwa, msaidieni akae kwenye kiti wakati wa kula, na muulize kama mnaweza kutembea naye hadi chooni kwa usalama. Kama haruhusiwi kabisa, mwombeni muuguzi awaonyeshe namna ya kumgeuza kitandani kila baada ya muda atakaoupanga, ambao mara nyingi ni kama saa 2, na mchunguze ngozi ya visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo. Wekundu au weusi usiofifia unapobonyezwa kwa kidole ndio mwanzo wa kidonda cha mgandamizo, na huo ndio wakati wa kusema, si wakati ngozi imekwisha kufunguka.

Kuna vifaa vya kuulizwa kila siku bila kuona haya. Mpira wa mkojo ni mojawapo, kwa kuwa kila siku unayobaki mwilini hatari ya maambukizi huongezeka, swali la “bado anauhitaji leo?” halimvunjii mtu heshima. Kanula, yaani kijibomba kinachoingizwa kwenye mshipa kupitishia dripu na dawa, ikiwa mahali ilipo pamevimba, pana wekundu au maumivu, ionyeshwe mara moja. Na mgonjwa aliyepata kiharusi asipewe chakula wala kinywaji na ndugu kabla uwezo wake wa kumeza haujapimwa, hata akiomba maji kwa kusihi, kwa sababu kinachoteleza kwenda mapafuni kinaweza kumletea nimonia.

Sasa namna ya kusema. Watu wa afya wenyewe wana mpangilio wa kupeana taarifa wanapokabidhiana mgonjwa, ambao ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani na baadaye ukaingizwa hospitalini: hali iliyopo, historia kwa ufupi, maoni yako kuhusu tatizo, kisha ombi mahususi. Ndugu wa mgonjwa anaweza kuutumia vilevile. Kwa mfano: “Mama anapumua kwa shida tangu alfajiri. Ana historia ya moyo na jana aliwekewa dripu nyingi. Nina hofu kwamba maji yamezidi mwilini. Naomba apimwe sasa, na daktari wa zamu ajulishwe.” Linganisheni hayo na kilio cha “mama yangu anakufa na hamjali”, ambacho kinaeleweka kabisa kibinadamu lakini hakimpi muuguzi jambo la kulifanya. Mkiuliza jambo na kujibiwa, rudieni jibu kwa maneno yenu mbele ya aliyelitoa, ili kama mmelielewa vibaya awarekebishe papo hapo, kisha liandikeni kwenye daftari pamoja na tarehe, saa na cheo cha aliyejibu. Daftari hilo si la kutafuta kesi. Kazi yake ni kulinganisha aliyoyasema daktari wa asubuhi na aliyoyasema wa usiku, na kumkumbusha mtu kwa upole ahadi ambayo haijatimizwa.

Hali ikibadilika ghafla, msisubiri raundi ya kesho. Mwenye maambukizi anayeanza kuongea kwa kukokota au kuchanganyikiwa, anayepumua haraka (kwa mtu mzima, kuanzia pumzi 22 kwa dakika ni ishara ya kutahadhari), asiyepata mkojo, au ngozi yake kubadilika rangi na kuwa na mabaka, huenda ameingia katika sepsisi, yaani mwili kuharibu viungo vyake wenyewe katika kupambana na maambukizi, na huko saa moja ni muda mrefu. Katika jimbo la Queensland nchini Australia, mtoto aitwaye Ryan Saunders alifariki mwaka 2007 wakati wazazi wake walikuwa wameeleza kwamba hali yake inazidi kuwa mbaya. Mwaka 2013 jimbo hilo likaanzisha Kanuni ya Ryan, inayompa ndugu wa mgonjwa njia ya kuomba mgonjwa aangaliwe upya. Uingereza ilifuata baada ya kifo cha Martha Mills, msichana wa miaka 13 aliyefariki kwa sepsisi mwaka 2021, na Kanuni ya Martha ikaanza kutekelezwa katika hospitali za nchi hiyo mwaka 2024. Nawatajia watoto hawa kwa sababu kanuni zote mbili zimesimama juu ya ukweli uleule: anayemjua mgonjwa anaweza kuuona mteremko kabla mashine haijaupima. Pale ambapo hakuna kanuni ya namna hiyo, ngazi bado ipo. Anzeni na muuguzi wa zamu, kisha muuguzi mfawidhi, kisha daktari wa zamu, kisha daktari bingwa anayemsimamia mgonjwa, kisha uongozi wa hospitali, na katika kila ngazi semeni wazi kwamba mmeanzia chini.

Wala msijione wakorofi. Tamko la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1981, linatambua haki ya mgonjwa kupata maelezo, kukubali au kukataa matibabu, na kuomba maoni ya daktari mwingine katika hatua yoyote. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara akiwa katika huduma za afya na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yanaweza kuzuilika, na mwaka 2024 lilitoa mkataba wa haki 10 za usalama wa mgonjwa, ambamo ushirikishwaji wa mgonjwa na familia umo. Wahudumu wengi niliokutana nao walifanya kazi kubwa katika mazingira magumu, na waliupokea ukurasa wangu kwa shukrani. Kuuliza kwa heshima huwasaidia hata wao.

Kuhusu kurudi nyumbani, swali la kuuliza tangu siku za mwanzo ni hili: “Ni mambo gani yanatakiwa yawe yametokea ili aruhusiwe?” Msiulize siku ya ruhusa tu, kwa maana daktari hataweza kuitaja kwa uhakika, ulizeni masharti. Akijibu kwamba homa ikae chini bila dawa ya sindano, oksijeni itolewe na aweze kutoka kitandani hadi chooni, basi mnajua mnakoelekea, na mnaweza kulinganisha masharti hayo na ule ukurasa wa hali yake ya kawaida. Ikiwa alikuwa akipanda ngazi na nyumba yenu ina ngazi, kutembea hatua tano wodini hakutoshi, na ni ninyi mtakaomweleza daktari jambo hilo.

Nakaribisha michango na maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, asante. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani na ningependa kuongezea kutoka upande wetu. Kitu kinachotuchosha kuliko maswali ni kuulizwa swali lilelile na ndugu saba tofauti katika zamu moja, kila mmoja akiwa na tafsiri yake. Chagueni msemaji mmoja na msaidizi wake, mtuandikie majina na namba zao, na wengine wapate habari kwao. Pia, epukeni kuanzisha mazungumzo mazito wakati wa kupokezana zamu au wakati tunagawa dawa, isipokuwa kwa dharura, kwa sababu ukinikatisha nikiwa na sindano ya mgonjwa mwingine mkononi unaweza kumdhuru mtu usiyemjua. Wakati bora ni raundi ya madaktari kama mnaruhusiwa kuwepo. Kama hamruhusiwi, tupeni maswali yenu matatu yaliyoandikwa kabla ya raundi, nasi tutayafikisha. Nakubaliana kabisa na hoja ya hali ya kawaida. Mgonjwa akifika kwangu na karatasi kama hiyo, najua tangu saa ya kwanza nini nikione kuwa ni mabadiliko.

Mchangiaji wa pili

Naomba msaada wa mawazo. Baba yetu yuko hospitalini baada ya kiharusi. Sisi watoto hatukubaliani: wawili wanataka awekewe mpira wa kulishia moja kwa moja tumboni, mmoja anasema apelekwe nyumbani apumzike, na mimi nimeshindwa kuchagua. Daktari anatuambia tuamue. Baba anatikisa kichwa na kutuangalia, lakini maneno hayatoki vizuri.

Mleta uzi

Ndugu yangu, pole sana, na naomba nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa baba bado yupo kwenye mazungumzo haya. Kushindwa kutamka baada ya kiharusi hakumaanishi kushindwa kuelewa. Uwezo wa mtu kufanya uamuzi hupimwa kwa uamuzi mahususi: je, anaelewa anachoelezwa, anaweza kukishika kwa muda wa kutosha, anaweza kupima faida na hasara, na anaweza kuonyesha jibu kwa njia yoyote, hata kwa kutikisa kichwa, kubana mkono au kuonyesha picha? Ombeni mtaalamu wa matatizo ya usemi ahusishwe, au kama hayupo, daktari mwenye subira akae naye asubuhi anapokuwa na nguvu, amuulize maswali mafupi ya ndiyo na hapana, kisha ayarudie kwa mpangilio mwingine kuona kama majibu yanabaki yaleyale.

Methali isemayo mgonjwa haulizwi uji ina hekima yake, kwa maana inatufundisha kutosubiri aombe huruma. Haifai hata hivyo kutumika katika uamuzi wa kumpasua mtu au kumwekea mpira tumboni, kwa sababu mwili ni wake na miaka iliyobaki ni yake. Ikibainika kwamba hawezi kuamua, swali la kuulizana ninyi watoto ni lile la yeye angetaka nini, wala si la kila mmoja wenu anataka nini. Aliwahi kusema nini alipomtembelea jirani aliyekuwa katika hali kama hiyo? Alipenda nini kuliko vyote? Hapo ndipo ujuzi wenu wa mtu aliyekuwa kabla ya kiharusi unapohitajika kuliko kwenye jambo lingine lolote.

Ombeni kikao cha familia na daktari bingwa, muuguzi, mtaalamu wa lishe na afisa ustawi wa jamii kwa pamoja. Muulize uwezo wake wa kumeza una nafasi gani ya kurudi na kwa muda gani, kwa sababu kwa wagonjwa wengi wa kiharusi kumeza huimarika katika wiki za mwanzo. Muulize kama mpira wa kupitia puani unaweza kutumika kwa muda huku mkitazama maendeleo. Na muulize nini kitafuata mkikataa vyote. Mtakuta kwamba njia hazikuwa mbili tu kama ilivyoonekana kitandani.

Mchangiaji wa tatu

Kwangu tatizo ni kinyume chake. Tumeambiwa ghafla kwamba mama aruhusiwe kesho, na hawezi hata kukaa mwenyewe. Tukikataa tunaonekana tunamtelekeza.

Mleta uzi

Kusema kwamba nyumbani bado si salama hakumaanishi kumtelekeza, mradi mseme ni nini hasa si salama. Msiseme tu kwamba hayuko tayari. Semeni: “Kabla ya kulazwa alikuwa akijihudumia chooni peke yake. Leo anahitaji watu wawili kumwinua, na nyumbani mchana yuko mtu mmoja mwenye maumivu ya mgongo. Tunaomba apimwe na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuruhusiwa, na tunaomba mpango wa maandishi.” Ombeni jina la aliyefanya uamuzi huo, na kama jibu ni lilelile, ombeni pingamizi lenu liandikwe kwenye faili. Mara nyingi kinachopatikana ni siku chache za kujiandaa na mafunzo ya haraka, na siku hizo zina thamani kubwa.

Zitumieni vizuri. Anayetarajiwa kumhudumia nyumbani aje wodini ajifunze kwa mikono yake, mbele ya muuguzi: kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kuumia wote wawili, kumgeuza, kumwogesha, kusafisha kidonda, kumlisha kupitia mpira au kumdunga insulini. Kutazama hakutoshi, afanye mwenyewe, akosolewe, arudie. Wakati huohuo mtu mwingine apime mlango wa chooni, aondoe mazulia yanayoteleza, aweke taa kwenye njia ya usiku, na atafute kitanda cha kimo ambacho miguu ya mama itafika chini akiketi. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali mara nyingi anajua wapi pa kuazima kiti cha magurudumu au kiti chenye choo.

Na kuna upande mwingine wa jambo hili ambao naona tuutaje. Zipo familia zinazotaka kumwondoa mgonjwa mapema kinyume cha ushauri wa daktari, kwa uchovu, kwa gharama au kwa kukata tamaa. Kabla ya kutia saini karatasi ya kuondoka kwa hiari, mwambieni daktari sababu yenu halisi. Kama ni gharama, huenda upo utaratibu wa msamaha au dawa za bei nafuu. Kama ni usiku usio na usingizi wodini, huenda anaweza kuhamishiwa kitanda kingine. Na hata mkiondoka, ombeni dawa na maelekezo, kwa maana kuondoka kwa hiari hakupaswi kumnyima mgonjwa huduma hizo.

Mchangiaji wa nne

Mleta uzi, zungumzia dawa tafadhali. Shangazi yangu alirudi nyumbani na mfuko wa dawa, tukamwongezea na zile alizokuwa akitumia zamani, kumbe mbili zilikuwa dawa ileile yenye majina tofauti. Presha ikashuka mpaka akaanguka.

Mleta uzi

Nashukuru kwa kulileta hili, na nampa pole shangazi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya matibabu ya dawa yasiyo na madhara, na kuhama kwa mgonjwa kutoka sehemu moja ya huduma kwenda nyingine ni moja ya maeneo matatu iliyoyapa kipaumbele, kwa sababu ya matukio kama lenu. Kabla ya kutoka, pelekeni dawa zote za zamani hospitalini zikiwa kwenye vifungashio vyake, na mwombeni mfamasia au daktari aziweke mbele yenu katika mafungu: zinazoendelea kama zamani, zilizobadilishwa kipimo, zilizositishwa, na mpya. Kwa kila mpya, ulizeni ni ya nini, itaisha lini, na dalili gani itatulazimisha kurudi. Dawa za usingizi na za kupunguza asidi tumboni huanzishwa mara nyingi kwa sababu ya mazingira ya wodi tu, kisha mtu akazimeza nyumbani kwa miaka bila sababu. Dawa za kuzuia damu kuganda, insulini na za maumivu makali zinahitaji uangalifu wa pekee. Na swali ambalo husahaulika kabisa: leo amepewa zipi tayari, saa ngapi, na inayofuata ni ya saa ngapi? Bila jibu hilo, jioni ya kwanza nyumbani anaweza kupewa mara mbili au asipewe kabisa.

Karatasi ya ruhusa isomeni mkiwa bado wodini. Iwe na ugonjwa uliogunduliwa, yaliyofanyika, majibu ya vipimo ambavyo bado havijatoka na nani atayafuatilia, tarehe ya kurudi kliniki, na namba ya kupiga.

Daktari wa moyo wa Marekani, Harlan Krumholz, aliandika mwaka 2013 kuhusu udhaifu wa muda unaowapata watu baada ya kutoka hospitalini, akionyesha kwamba takriban mzee 1 kati ya 5 walio katika bima ya serikali ya nchi hiyo hulazwa tena ndani ya siku 30, na mara nyingi kwa tatizo tofauti na lile la kwanza. Alihusisha hali hiyo na kukosa usingizi, lishe duni, maumivu, dawa na kulala kitandani. Ndiyo maana wiki za mwanzo nyumbani zihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu: apate usingizi wa usiku mzima, ale chakula chenye protini ya kutosha kama figo zake zinaruhusu, atembee kidogo kila siku, na daftari liendelee.

Mchangiaji wa tano

Na kwa yule ambaye madaktari wamesema hatapona, na yeye mwenyewe anaomba arudishwe nyumbani? Mume wangu anasema hataki kufia wodini. Naogopa maumivu yatamzidi nikiwa peke yangu naye.

Mleta uzi

Dada yangu, pole kwa mzigo huo. Ombi la mumeo ni ombi halali la matibabu, na linahitaji mpango kamili kama upasuaji unavyohitaji mpango. Muulize daktari kuhusu huduma shufaa, yaani tiba inayolenga kuondoa maumivu na mahangaiko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huihitaji kila mwaka na ni takriban asilimia 14 tu wanaoipata, kwa hiyo huenda isitajwe mpaka wewe uitaje.

Kabla hamjatoka, hakikisha dawa ya maumivu iko mkononi na si kwenye karatasi. Mofini ya maji ya kunywa hutumika sana nyumbani, na mwenye maumivu makali anayeipata kwa kipimo alichopangiwa hapaswi kunyimwa kwa hofu ya uraibu. Uliza kipimo cha kawaida, kipimo cha ziada maumivu yakipenya kati ya dozi, na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga choo karibu kwa kila mtu. Uliza utaona nini siku za mwisho: pumzi zenye vituo, mikono na miguu kupoa, sauti kooni, kutotaka kula, ili usidhani kwamba umekosea jambo. Uliza nani atakuja au kupokea simu usiku wa manane, na mkubaliane mapema kama atarudishwa hospitalini au la hali itakapobadilika, mumeo akiwepo na ndugu zake wakisikia, kisha jibu hilo liandikwe na liwekwe mahali ambapo yeyote atakayekuwa nawe usiku huo atalipata. Nawe tafuta mtu wa kukupokea hata saa chache kila siku, ulale. Ukiweza, tuandikie hapa daktari atakapokujibu, na yule ndugu yetu muuguzi nina hakika atakusaidia kupanga saa za dawa.